Namna ya kuyaandika maisha yako yakusimamie mbele ya karani, polisi na hakimu

Duka langu liko Majengo, Mombasa: kompyuta tatu, printa yenye kelele, na bango la KRA, HELB, pasipoti na vyeti vya kuzaliwa. Wateja huniita Anti. Wengi wanajua nilikotoka, wachache wanajifanya hawajui, na wote wanataka karatasi zao zitoke upesi. Mchana ni wa kila mtu. Ikikaribia magharibi, foleni ikishaisha, ndipo wanapokuja wenzangu wa trans, yaani wanaoishi jinsia isiyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, bahasha kwapani, na ombi ni lile lile: "Anti, niandikie barua."

Barua ya nini? Hapo hadithi huanzia chekechea ikaishia jana usiku. Nasikiza yote. Kisha naandika aya tatu, na mwenyewe hushangaa: "Maisha yangu yote ndiyo haya tu?" La, si yote. Ni yale ambayo karani hawezi kuyarudisha, polisi hawezi kuyakana, na hakimu anaweza kuyafanyia kazi. Yaliyobaki ni yako, wala hudaiwi na mtu. Nitaeleza hapa jinsi ya kuyachagua hayo machache.

Daftari kwanza

Kabla ya wakili, kabla yangu mimi, nunua daftari. Andika kwa lugha unayotumia kugombana nyumbani, Kimvita, Kidigo, Kigiriama, vyovyote. Hakuna atakayekusahihisha.

Ukurasa wa kwanza ni wa majina. Upande mmoja orodhesha kila jina uliloitwa, upande wa pili karatasi linakokaa: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani vya KCPE na KCSE, kipande (yaani kitambulisho), kadi ya kliniki, benki, laini ya simu. Usiisahau M-Pesa. Watu hupigana miaka na cheti cha shule, na huku kila wanapomlipa dereva wa tuktuk jina la zamani linamtokea kwenye simu, naye anageuka kukutazama tena. Kwa wengi wetu hilo ndilo linaloumiza mara nyingi zaidi. Lakini laini ya simu hufuata kipande, na kipande hufuata hati ya jina. Kwa hiyo anza na hati ya jina, uende kwenye kipande, halafu ndiyo simu, benki, SHA ya bima ya afya na KRA ya kodi. Ukianzia mwisho utarudishwa.

Ukurasa wa pili ni wa miaka. Ulisoma wapi, nani alikujua wakati huo, lini ulianza kuishi ulivyo, lini ulimwona daktari kwa mara ya kwanza, nani alikufukuza nyumba na kwa maneno gani. Tarehe ikikupotea, iegemeze kwenye jambo linalojulikana: "Ramadhani ya mwaka wa uchaguzi, 2013." Mawakili wana njia yao ya kusema "mnamo tarehe hii au karibu nayo", nayo inakubalika. Kisichokubalika ni tarehe ya kubuni, kwa sababu siku ya kuhojiwa itakuumbua.

Kuanzia ukurasa wa tatu, lia upendavyo. Ila usiyachanganye na ukurasa wa pili. Yule wa pili ndio nitakaouomba.

Sasa ya kutoandika. Usiandike majina kamili ya wenzako, wala nyumba wanazoishi, wala nani yuko na nani. Daftari likiangukia mkono mbaya, lisimfichue mtu mwingine. Na usiandike maelezo ya mwili wako. Najua ndilo swali la kwanza kila mtu analouliza, kuanzia shangazi hadi askari wa zamu, lakini mahali pake ni kwa daktari wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya na za jinsi ya mtu kuwa nyeti, yaani ofisi haiwezi kuzikusanya na kuzitawanya ipendavyo.

La pembeni, na ninalisema dhidi ya biashara yangu mwenyewe: usimtumie mtu wa saiba, yaani duka la kompyuta kama langu, karatasi zako kwa WhatsApp. Zinabaki kwenye simu yake, kwenye kompyuta yake, na kijana anayemshikia zamu ana vidole vyepesi. Njoo na flashi, kaa wewe kwenye kiti, chapisha, futa faili, kisha ufute na kwenye pipa la kompyuta. Ukifungua barua pepe, toka kabisa kabla hujainuka. Nina wateja ambao huacha akaunti wazi wakaenda kununua viazi karai.

Jina

Mkenya mtu mzima anaweza kubadili jina, na sheria haimtaki aeleze kwa nini analipenda jipya. Wakili hukuandalia hati ya kubadili jina, wao huiita didi poli. Unaitia saini, mtu anayekufahamu kwa muda mrefu anaapa kwamba wewe ndiye yule yule, hati inasajiliwa, kisha jina linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalotoka Ijumaa.

Mambo mawili hapa watu huyapuuza. Kwanza, huyo shahidi. Mchague mapema na umweleze yote, kwa sababu atakula kiapo. Wengi hukimbilia rafiki wa juzi. Afadhali mwalimu wa zamani, jirani wa mamako, au binamu aliyekuona ukikua, hata kama bado anateleza na kukuita jina la kale. Mimi aliniapia mama mmoja wa Mwembe Tayari aliyekuwa akiniuzia mbaazi tangu nikiwa na sare ya shule. Hakuelewa nusu ya mambo yangu, ila alijua mimi ni nani, na hilo ndilo lililotakiwa.

Pili, tangazo la Gazeti lina majina yote mawili, la zamani na jipya, na nakala zake ziko intaneti kwa yeyote atakayetafuta. Kama kuna mtu unayemkimbia, mwambie wakili kabla ya kutia saini, si baada.

Kuhusu kuchagua jina lenyewe, sisi wa Pwani tuna jambo letu: bin na binti. Ukibadili la kwanza ukaliacha hilo, karani atasimama papo hapo. Wapo wanaoliondoa kabisa wakabaki na jina la baba na la babu. Wapo wanaochukua jina linalovaliwa na wote, Riziki, Baraka, Amani, ili kipande kisigombane na uso. Mimi nilitaka jina la kike lisilo na shaka, nikalichukua. Ni shauri la mtu na moyo wake, ila fikiria pia madirisha utakayosimama mbele yake.

Na elewa hati hii isichofanya. Inabadili jina, haibadili alama ya jinsia, ile ya kiume au kike. Kenya haina sheria inayoeleza wazi hatua za mtu wa trans kubadili alama hiyo kwenye kipande au cheti cha kuzaliwa, na anayekuahidi kuipitisha kwa chai ya elfu kumi anakuuzia kesi ya kughushi. Vile vile karani akikuuliza kama wewe ni huntha, yaani uliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike wazi, na si huntha, usikubali ili mambo yaende. Huntha wana njia yao: walihesabiwa kwenye sensa ya 2019, watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Kujiapia jambo lisilo lako ni kosa, na linawaharibia na wao.

Aya tatu

Tazama alivyoshinda Audrey Mbugua. Alifanya KCSE mwaka 2001 akapata A-, na cheti kikatoka na jina la kiume. Alipoliomba Baraza la Mitihani, KNEC, libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia, halikukubali. Akaenda Mahakama Kuu, Nairobi. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru baraza limpe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia.

Huwa nawaambia wateja wasiishie kusherehekea, waitazame hoja. Jaji hakuombwa aseme mwanamke ni nani. Aliulizwa: je, kanuni za baraza zinaruhusu kukirudisha cheti kikarekebishwa? Zinaruhusu. Je, kanuni zinataka cheti kiwe na alama ya jinsia? Hazitaki. Basi alama hiyo ikiondolewa, A- inabaki A- ile ile. Maisha yake, hati yake ya jina na karatasi za madaktari vilikuwepo, vikaonyesha kwa nini jambo hili ni zito na kwa nini heshima ya mtu, Kifungu cha 28 cha Katiba, inaguswa. Lakini mlango uliofunguka ulikuwa mwembamba na uliochaguliwa kwa makini.

Kwa hiyo barua yako kwa ofisi yoyote iwe hivi. Aya ya kwanza: mimi ni nani na nina karatasi gani. Aya ya pili: ninaomba nini, kimoja tu. Aya ya tatu: naomba jibu kwa maandishi, na ukikataa, sababu. Mfano wa ninayoandika, kwa shule ya zamani:

"Nilisoma shuleni kwenu kuanzia 1996 hadi 1999, namba yangu ya usajili ni hii. Nimebadili jina kisheria kwa hati iliyosajiliwa na kutangazwa, nakala zimeambatishwa. Naomba barua ya kuthibitisha kuwa mwanafunzi aliyesajiliwa kwa jina la awali ndiye mimi, na barua hiyo itumie jina langu la sasa. Naomba jibu kwa maandishi. Endapo ombi halitakubaliwa, naomba sababu kwa mujibu wa Kifungu cha 47 cha Katiba."

Hakuna machozi, hakuna utoto, hakuna "tafadhali sana mheshimiwa niko chini ya miguu yako". Kijana mmoja alinilalamikia kwamba barua haina yeye ndani yake. Nikamwambia ndiyo uzuri wake: hawana pa kumshika.

Chapisha nakala mbili. Peleka mwenyewe, au mtume mtu mtulivu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo barua haikufika, hata kama ulimkabidhi mkubwa wa ofisi mkononi. Wakikwambia "tuachie tu", ngoja. Kaa kwenye benchi. Kama unachotaka ni kujua utaratibu au kuona kumbukumbu zako, taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Jibu la kukataa usilichane kwa hasira. Liweke kwenye plastiki, maana ndilo wakili atakaloanzia.

Hati ya kiapo

Jambo likifika mahakamani utaandikiwa hati ya kiapo, na mara nyingi itakuwa kwa Kiingereza. Kumbuka anayeapa ni wewe, si wakili. Omba isomwe yote kwa Kiswahili, aya baada ya aya, kabla ya saini. Ukisikia sentensi ambayo usingeisema wewe, simamisha. Nimeona hati iliyosema mtu "anaugua" tangu utotoni, na mwenyewe hajawahi kuugua chochote ila malaria. Ikafutwa, ikaandikwa upya.

Andika uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Uliyoambiwa, sema nani alikwambia. Na muulize wakili kama jina lako linaweza kufichwa. Kesi nyingi za watu wetu zinasomwa kwa herufi tu: A.N.N., S.C. Herufi hizo huombwa, hazijitokezi zenyewe. Kama huna pesa za wakili, kuna Kituo Cha Sheria, kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyotokana na sheria ya 2016, na kuna Tume ya Haki za Binadamu, KNCHR. Watasikiliza vizuri zaidi ukienda na ukurasa wako wa pili kuliko ukienda mikono mitupu.

Ukikamatwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza kesi nzuri.

Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mtu kuvaa dera au suruali. Kosa la kujifanya mtu mwingine, ambalo hutajwa sana usiku, linahitaji nia ya kulaghai. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, Mahakama Kuu iliviacha mwezi Mei 2019, lakini vinahusu vitendo vya ngono, si nguo wala jina. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa zikiishia nje ya saa za mahakama, ndipo husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata.

Usibishane sheria kituoni usiku wa manane. Angalia. Hifadhi. Saa iliyo ukutani. Namba ya gari. Jina au namba kwenye sare. Maneno, kama yalivyosemwa, matusi yakiwemo. Nani mwingine alikuwa selo. Ukitoka, kabla hujaoga na kabla hujapiga simu ya kumi, yaandike. Kama ulitolewa bila kushtakiwa, uliza namba ya OB, lile daftari la matukio la kituo. Wasipokupa, andika kwamba uliuliza, na nani alikataa.

Ukiumizwa, hospitali kabla ya usingizi, kisha fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari. Kama ulilazimishwa kimwili, dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha waliodhulumiwa kijinsia. Nguo ulizovaa usizifue. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Maandishi ya namna hii yamelipa. A.N.N. alivuliwa nguo na polisi Thika mbele ya watu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema heshima yake ilivunjwa, akapewa shilingi 200,000. Hapa kwetu, tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Rufaa ikikaa Mombasa ilisema kuwalazimisha wanaume wawili waliokamatwa Ukunda kukaguliwa njia ya haja kubwa kulikiuka Katiba. Wao hawakuwa watu wa trans, lakini hukumu inasaidia kila anayeambiwa "vua tuone". Na mwaka 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa S.C., mwanamke wa trans aliyekamatwa 2019 na kupekuliwa kwa kudhalilishwa, shilingi milioni moja, na kuiagiza dola ishughulikie sheria ya kuwalinda watu wa trans. Kutoka 2019 hadi 2025: hesabu mwenyewe kumbukumbu inavyochakaa katika muda huo, kama hukuiandika usiku ule ule. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, na hayo nayo yanaanza na tarehe, saa na mahali.

Mwandishi wa habari akija

Atakuja, hasa mambo yakichemka, kama yalivyochemka hapa baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 2023 kuhusu usajili wa mashirika ya wapenzi wa jinsia moja, hadi watu wakaandamana Mombasa mwezi Septemba. Atataka sura na machozi. Mkubaliane kabla kamera haijatoka: jina gani, uso au hapana, sauti ibadilishwe au hapana, mtaa utajwe au hapana, na kama unaweza kujiondoa kabla haijatangazwa. Yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu.

Uso ukifichwa, bado pazia la nyumbani litakutaja. Mombasa hii mtu hutambuliwa kwa mlango wa nyumba, kwa leso iliyoanikwa nyuma, kwa kovu la kiganja, kwa muadhini anayesikika kwenye kinasa. Fanyieni mahojiano mahali pasipo kwenu. Picha za zamani, za "kabla", usitoe. Hazithibitishi chochote ila kumpa mtazamaji mchezo wa kulinganisha.

Na una haki ya kuchoka. Ukishaulizwa kuhusu upasuaji, jibu ninalowapa watu wangu ni hili: "Swali hilo lina daktari wake. Niulize kuhusu kodi ya nyumba." Kweli wakiuliza kuhusu kodi, hapo kuna habari: mwenye nyumba, kazi, shule, hospitali.

Dirishani

Siku ya kwenda, vaa uendavyo kila siku, si kama harusini. Panga karatasi kwa mfuatano ambao karani atazihitaji: barua, hati ya jina, ukurasa wa Gazeti, kipande, cheti. Asili zibaki mkononi mwako, umpe nakala.

Tatizo kubwa mara nyingi si sheria, ni jina la zamani kuitwa kwa sauti mbele ya ukumbi mzima. Huduma Centre pale Posta kuna tiketi za foleni, na tiketi ni rafiki yako. Kwenye ofisi zisizo na tiketi, kata kipande cha karatasi, andika: "Naomba niitwe kwa namba ya ombi, si kwa jina. Asante." Kiambatishe juu ya fomu kwa klipu. Makarani wengi hukubali, kwa sababu hukuwaomba wakubaliane na lolote. Akikataa, simama karibu na dirisha usikae mbali, ili akitazama tu ujue ni wewe, uinuke kabla hajafungua mdomo.

Nenda asubuhi mapema, katikati ya wiki. Ijumaa mchana usijisumbue.